Kutafakari Neno Kila Siku: Fundisho kwa Anayeanza kutoka Historia ya Usambara

Utangulizi

Yapo mambo ambayo mchungaji humficha hata mchungaji mwenzake, na mojawapo ni ukame wa sala yake mwenyewe. Katika miaka yangu ya kwanza ya uchungaji, nikihudumu katika usharika mmoja wa milima ya Usambara, nilitambua siku moja kwamba kwa miezi mingi sikuwa nimeifungua Biblia isipokuwa kwa ajili ya kuandaa mahubiri, mafundisho ya kipaimara au ibada ya maziko. Neno la Mungu lilikuwa kwangu chombo cha kazi, kama jembe lilivyo kwa mkulima. Nililishika kila siku, lakini jioni nililiweka kando, nami nikalala na njaa.

Katika hali hiyo nilifika Kifungilo. Mahali hapa pako juu milimani, si mbali na mji wa Lushoto, napo pamejulikana kwa misheni ya Kikatoliki na kwa shule ya wasichana inayotunzwa na masista. Nilikuwa nimekwenda kuzungumza na wanafunzi wa Kilutheri. Mvua ilinyesha, njia ikaharibika, nikalazimika kulala huko. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umefunika miti, kengele ililia. Niliamka, nikaingia kanisani, nikaketi nyuma kabisa. Masista waliingia mmoja mmoja, wakaketi, na kwa muda wa kama nusu saa halikusikika neno lolote.

Mimi niliyezoea kusimama mbele ya watu na kusema, sikujua la kufanya na kimya kile. Baada ya dakika 5 nilikuwa nimekwisha kupanga mahubiri ya Jumapili, nimehesabu michango ya ujenzi, tena nimemjibu moyoni mzee wa kanisa aliyenikasirisha wiki iliyotangulia. Nilikuwa na shahada ya theolojia, lakini katika kutafakari nilikuwa mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Makala haya yalianzia katika aibu ile. Swali lake ni hili: Je, Mlutheri anayetaka kuanza kutafakari Neno kila siku anaazima kitu cha nyumba ya jirani, au anarudi katika nyumba ya baba yake? Nakusudia kuonyesha kwa njia ya historia kwamba anarudi nyumbani. Aidha, nakusudia kuonyesha kwamba waalimu wakuu wa jambo hili hawakumtwika anayeanza mzigo mzito, bali walimpa mwanzo mdogo: neno fupi, saa maalumu, na kinywa kinachotamka.

Maana ya kutafakari

Neno letu "kutafakari" lina asili ya Kiarabu, nalo linatuelekeza kwenye kufikiri kwa kina. Ndiyo sababu wengi wetu, tukiambiwa tutafakari, hukunja uso na kuanza kutafuta mawazo mapya. Lakini kitenzi cha Kiebrania kinachotumika katika Zaburi ya kwanza, yaani "haga", kina ladha nyingine. Ni kitenzi cha sauti. Katika kitabu cha Isaya kinatumika kwa njiwa anayelia (38:14) na kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake (31:4). Mtu aliyebarikiwa katika Zaburi ile ananong'ona torati ya Bwana, anairudia chini kwa chini mchana na usiku, mpaka inakuwa sauti ya maisha yake.

Watawa wa kale walipotafuta mfano wa jambo hili walimtazama ng'ombe anayecheua. Kila mfugaji wa milima yetu anaujua mfano huo. Ng'ombe hakusanyi majani mapya wakati wa kucheua. Anayarudisha yale aliyokwisha kula, anayatafuna taratibu, na hapo ndipo yanakuwa maziwa. Mhubiri anayekusanya majani kila wiki bila kucheua hana budi kukosa maziwa, na kundi lake litajua.

Watawa waliopanda milimani

Katika Kanisa la Magharibi, Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6 iligawa siku ya mtawa kati ya sala, kazi za mikono na kusoma Maandiko, kila kimoja kwa saa yake. Katika karne ya 12, Guigo wa Pili, mtawa wa shirika la Wakartusi, aliandika kuhusu ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na hatimaye kumtazama Mungu katika utulivu. Kipandio cha kwanza kiko karibu na ardhi, na kila mtu anayejua kusoma aweza kukikanyaga.

Mapokeo hayo yaliifikia Usambara kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka 1882 Franz Pfanner, mtawa kutoka Austria, alianzisha monasteri ya Mariannhill karibu na Durban, Afrika Kusini. Yeye na wenzake walikuwa Watrapisti, shirika linaloshika kimya, sala za usiku na kazi za mikono. Mwaka 1885 Pfanner alianzisha pia shirika la Masista wa Damu Azizi. Kabla karne ya 19 haijaisha, Watrapisti kutoka Mariannhill walikuwa wamepanda milima yetu na kufungua kituo huko Gare. Hawakudumu miaka mingi, lakini Masista wa Damu Azizi waliendelea kuhudumu katika milima hii, na kazi ya Kifungilo ni sehemu ya urithi huo. Kwa hiyo kimya kile kilichonishinda siku ile kilikuwa na ukoo mrefu.

Hata hivyo, historia ya Mariannhill inatuonya. Kazi ya misheni ilipoongezeka, yaani shule, mashamba, karakana na vituo vya mbali, ilikuwa vigumu kuishika kanuni ya kimya. Mgogoro huo ulimfikia Pfanner mwenyewe, ambaye alisimamishwa uongozi mwaka 1892 akajiuzulu mwaka 1893. Mwaka 1909 Mariannhill ilitengwa rasmi na shirika la Watrapisti, ikawa shirika la wamisionari. Sitaki kumhukumu mtu yeyote katika habari hiyo. Nataka tu tuone kwamba mvutano kati ya kazi ya Bwana na kukaa miguuni pa Bwana, ule wa Martha na Mariamu, haukuanza katika ofisi zetu za usharika. Uliwasumbua hata watu walioishi kwa kanuni ya kimya.

Onyo la pili ni kwamba kengele peke yake haimfanyi mtu kuwa mtakatifu. Mwaka 2016 Maria Nhambu, aliyelelewa Kifungilo katika makao ya watoto yatima chotara yaliyoongozwa na masista Wajerumani, alitoa kitabu cha kumbukumbu zake kiitwacho Africa's Child. Humo hakufichi machungu ya utoto wake katika nyumba iliyokwenda kwa ratiba ya sala. Ratiba ni chombo tu. Bila upendo, saa ya sala huweza kuwa saa kama saa nyingine.

Kinyozi wa Wittenberg

Martin Luther aliingia katika shirika la watawa wa Augustino mwaka 1505, akaishi kwa kengele kwa miaka mingi. Baadaye alipinga kwa nguvu zote fundisho lililoifanya sala kuwa kazi ya kumpatia mtu haki mbele za Mungu. Kwa sababu hiyo wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba utaratibu wowote wa sala ya kila siku ni kurudi utumwani. Wanakosea. Luther hakutupa kutafakari. Alikutoa ndani ya ukuta wa monasteri, akakupeleka sokoni na jikoni.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 alimwelekeza mwenye nyumba kuwafundisha watu wake sala ya asubuhi na ya jioni: kujitia ishara ya msalaba, kukiri Imani, kuomba Baba Yetu, kuongeza sala fupi, kisha kwenda kazini kwa furaha. Mwaka 1535 alimwandikia Peter Beskendorf, kinyozi wake na rafiki yake wa siku nyingi, kitabu kidogo kuhusu njia nyepesi ya kuomba. Tufikiri kidogo juu ya jambo hilo. Daktari wa theolojia, mwenye kesi na wakuu wa dunia, aliketi kumwandikia kinyozi aliyemwuliza namna ya kuomba!

Katika kitabu hicho Luther alikiri kwamba yeye naye hupoa na kukosa hamu ya kuomba kwa sababu ya kazi na mawazo mengine. Hapo huchukua Zaburi zake, huingia chumbani au kanisani, na huanza kutamka kwa kinywa Amri Kumi, Imani na maneno ya Kristo, kama wafanyavyo watoto. Alishauri sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho jioni, akaonya juu ya ile sauti inayosema ngoja kwanza, nitaomba baada ya saa moja, nimalizie hili. Kisha akamwonyesha Peter namna ya kusuka kila amri kama shada la nyuzi nne: Inanifundisha nini? Ninamshukuru Mungu kwa nini? Ninaungama nini? Ninaomba nini? Aliongeza kwamba Roho Mtakatifu akianza kuhubiri moyoni, mtu aache maneno yake mwenyewe, anyamaze, asikilize. Kinyozi, alisema, hana budi kuweka macho na akili kwenye wembe, la sivyo atamkata mtu. Na anayeomba aweke moyo wake vivyo hivyo.

Mwisho wa Peter ni wa huzuni. Mwaka ule ule wa 1535, wakati wa Pasaka, akiwa katika mlo wa jamaa alimchoma kisu mkwewe, naye akafa. Luther na wengine walimwombea, akaepuka kifo, lakini alifukuzwa mjini na kupoteza mali yake. Wahubiri wengi wanaokisifu kitabu kile huiacha habari hii. Mimi naona yafaa kuisema kwa wanafunzi wetu. Kutafakari si hirizi. Mtu aweza kupewa mwongozo bora kuliko wote duniani, na bado mkono wake ukashika kisu. Ndiyo maana miaka minne baadaye, mwaka 1539, Luther alipoandika dibaji ya mkusanyo wa vitabu vyake vya Kijerumani, alitaja mambo matatu yanayomfanya mtu kuwa mwanatheolojia: sala, kutafakari na majaribu. Kutafakari, alisema, si kwa moyo tu bali pia kwa kinywa, kwa kusoma na kurudia maneno yenyewe. Na hakukuweka kuwa kilele cha safari. Alikuweka kati ya magoti yanayopigwa na moto unaokuja.

Mlalo, Bethel na neno la siku

Mwaka 1728 jumuiya ya Wamoravian huko Herrnhut, Ujerumani, ilianza desturi ya kupewa neno moja fupi la kushika kwa siku nzima. Mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yalichapishwa kwa mara ya kwanza katika kijitabu, nacho kimeendelea kutolewa kila mwaka. Desturi hiyo ilienea katika nyumba nyingi za Kiprotestanti Ujerumani. Mlinzi wa mifugo na profesa waliamka na mstari ule ule.

Mwaka 1891 Wamoravian walifika Rungwe, kusini mwa nchi yetu. Mwaka huo huo Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walianza kazi ya Kilutheri Mlalo, hapa Usambara. Walitumwa na shirika lililoanzishwa Berlin mwaka 1886, ambalo baadaye lilihamia Bethel, mji wa huruma wa Friedrich von Bodelschwingh, mahali ambapo mashemasi na madada walitunza wagonjwa wa kifafa. Vituo vya Vuga, Lutindi na Bumbuli vilifuata kabla ya mwaka 1900. Wanafunzi wa ubatizo walifundishwa Katekisimo kwa kuikariri, na wengi wetu tumezoea kuudharau ukariri huo kana kwamba ni kazi ya kasuku.

Lakini tuangalie yaliyotokea baadaye. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Usambara, na katika miaka iliyofuata wamisionari Wajerumani waliondolewa. Sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Biblia nzima ya Kiswahili iliyotokana na kazi ya Karl Roehl, aliyewahi kuwa mmisionari Usambara, ilitoka mwaka 1937 tu. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, wamisionari Wajerumani waliondolewa tena. Katika vipindi hivyo, kilichokuwa kimetunzwa kifuani hakikuweza kuchukuliwa na serikali yoyote.

Baada ya safari yangu ya Kifungilo nilimtembelea bibi mmoja mzee wa usharika wetu, ambaye baba yake alikuwa mwalimu wa kanisa katika miaka ile. Nilimwuliza huomba saa ngapi. Alicheka, kana kwamba nimemwuliza hupumua saa ngapi. Kisha akaeleza kwamba kila asubuhi, akipanda kwenda shambani na jembe begani, huchukua kipande kimoja cha Katekisimo au mstari mmoja wa Zaburi, akautamka polepole hatua kwa hatua mpaka afike. Hakujua neno la Kiebrania wala ngazi ya Guigo. Lakini alikuwa akicheua. Niliona kwamba kile nilichokikuta Kifungilo katika kimya, kilikuwa pia katika usharika wangu katika mnong'ono, nami sikuwa nimekisikia kwa sababu nilikuwa mhubiri.

Saa ya utulivu

Kuna mkondo mwingine ambao hatuwezi kuusahau. Mwaka 1907 Johanssen yule yule aliyeanza Mlalo alikwenda kufungua kazi ya Bethel katika Rwanda. Katika miaka ya 1930, kutoka nchi hiyo hiyo, katika misheni ya Kianglikana ya Gahini, uliibuka Uamsho wa Afrika ya Mashariki. Daktari Joe Church, mmoja wa watu wake wa mwanzo, alitayarisha masomo ya Biblia ili kila Mkristo, si mchungaji tu, aweze kujifunza Maandiko mwenyewe. Uamsho uliingia Uganda, Kenya na Tanganyika, ukawagusa Walutheri wa Bukoba. Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia mwaka 1977 hadi 1984, alikuwa mtu wa Uamsho.

Ndugu hao walishika saa ya utulivu kila asubuhi: Biblia, sala, na kuungama dhambi kwa jina lake. Yamesemwa mengi juu ya Uamsho, mema na mabaya, lakini katika jambo hili walitupa zawadi. Waliwaonyesha watu wasio na shahada kwamba Mungu husema na mtu mmoja mmoja kwa njia ya Neno lililoandikwa. Na waliongeza jambo ambalo kimya cha mtu peke yake huweza kulikosa: walichokisikia asubuhi walikileta mbele ya ndugu katika ushirika, kipimwe.

Namna ya kuanza

Kutokana na historia hii, natoa shauri kwa mwanafunzi wa theolojia, na kwa mchungaji aliyechoka, ambaye angependa kuanza.

Kwanza, chagua saa na mahali, na usivibadili-badili. Majirani zetu Waislamu husikia adhana ya alfajiri na kuamka. Tusione haya kujifunza kwao kwamba mwili unahitaji kukumbushwa. Anza na dakika 10. Anayeanza na saa nzima mara nyingi huacha kabla wiki haijaisha.

Pili, chukua neno fupi. Mstari mmoja wa Zaburi, amri moja, au ombi moja la Baba Yetu latosha. Litamke kwa sauti ndogo mara tatu au zaidi, pole pole. Kaa nalo wiki nzima kama halijaisha utamu.

Tatu, lisuke kwa nyuzi nne za kinyozi: fundisho, shukrani, ungamo, ombi. Uzi mmoja ukitosha kwa siku hiyo, ushike huo. Kisha nyamaza kidogo.

Nne, mawazo yakitangatanga, usigombane nayo. Rudi kwenye neno lako, ulitamke tena. Kurudi huko ndiko kazi yenyewe ya anayeanza, na aliyerudi mara 20 hajashindwa mara 20.

Tano, na hili ni kwa wachungaji hasa: usitumie neno la asubuhi kwa mahubiri ya Jumapili hiyo. Weka kalamu mbali. Acha kuwe na chakula kimoja kwa siku ambacho hukiandai kwa ajili ya wageni.

Sita, siku ukikosa, usilipe deni kesho yake kwa kuongeza muda. Anza upya kwa dakika zile zile. Sisi tunaofundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, tusiifanye saa ya sala kuwa daftari la madeni.

Mwisho, mtafute mtu mmoja wa kumwambia ukweli: mke wako au mume wako, mchungaji mwenzako, au mzee wa usharika. Peter kinyozi alipewa kitabu kizuri sana. Kila mmoja wetu anahitaji pia ndugu atakayeuona mkono wake unapoanza kutetemeka.

Hitimisho

Tumeona kwamba kutafakari Neno kila siku si mali ya watawa peke yao, ingawa watawa wamekutunza vema na tunawashukuru. Ni urithi wa Kanisa zima, uliofika katika milima yetu kwa njia nyingi: kwa kengele ya masista, kwa Katekisimo iliyokaririwa, kwa Biblia ya Kiswahili, na kwa saa ya utulivu ya ndugu wa Uamsho. Mlutheri anayeanza leo hana haja ya kuomba ruhusa mahali popote.

Yule bibi amekwisha lala katika Bwana. Katika maziko yake nilihubiri juu ya mstari mmoja wa Zaburi ambao nilikuwa nimekaa nao kwa muda mrefu asubuhi, bila kuuandikia chochote. Yalikuwa mahubiri mafupi. Baada ya ibada mzee wa kanisa, yule yule niliyemjibu moyoni kule Kifungilo, alinishika mkono, akaniambia kwamba safari hii alisikia kwamba nami nilikuwa nimekula.